Weka Moja Kichwani

Washindani wa kuandika programu wana desturi inayomshangaza mgeni. Swali likifunguliwa, hawaanzi na maelezo yake. Macho hukimbilia chini, palipoandikwa mipaka ya namba. Wakiona n inaweza kufika 1,000,000,000, na wakihisi kwamba mbele ya safari itazidishwa kwa yenyewe, wanajua jambo moja hata kabla ya kuelewa swali linataka nini: nafasi ya biti 32 haitatosha.

Nafasi hiyo huishia 2,147,483,647. Ongeza moja, na mara nyingi namba hugeuka kuwa hasi huku mashine imenyamaza. Programu haizimiki wala haitoi onyo. Inaendelea kuhesabu kwa namba ya uongo na kukupa jibu lenye sura ya jibu. Yaliwahi kunikuta: nilikaa saa nzima nikipekua mantiki yangu mstari kwa mstari, kumbe mantiki ilikuwa salama na kosa lilikuwa kigeu kimoja nilichokitangaza kwa aina ndogo. Tangu siku hiyo nami huanza na mipaka.

Ndiyo maana wakongwe humpa anayeanza miiko. Ukitaka nafasi ya katikati ya safu, usijumlishe mwanzo na mwisho halafu ugawe kwa mbili, kwa kuwa jumla inaweza kuvuka mpaka. Chukua mwanzo, uongeze nusu ya tofauti. Mwaka 2006 mhandisi wa programu Joshua Bloch alieleza jinsi kosa hilo lilivyojificha kwa miaka ndani ya maktaba ya lugha ya Java yenyewe, kwa sababu safu ndogo hazilifichui. Mwiko mwingine: usiikabidhi namba kamili kubwa kwa hesabu za desimali. Ukipita 9,007,199,254,740,992, desimali za biti 64 huanza kuruka namba, na hata Python, isiyo na kikomo kwa namba kamili, hupotosha jibu ukigawa kwa mkwaju mmoja badala ya miwili.

Biti 64 hufika 9,223,372,036,854,775,807. Ni nyingi, lakini zao la namba zote kutoka 1 hadi 20 linaingia, na la 1 hadi 21 haliingii. Hapo anayetumia C++ hurudi kwenye hesabu za shule ya msingi. Huikata namba vipande vya tarakimu tisa tisa, huvipanga kwenye safu kuanzia kulia, kisha hujumlisha kama tulivyofundishwa: andika tano, weka moja kichwani. Tisa si namba ya kubahatisha. Vipande viwili vya tarakimu tisa vikizidishwa, zao halifiki 1 yenye sifuri 18, hivyo linakaa ndani ya biti 64 na kubakiza nafasi ya kile kilichowekwa kichwani.

Python na Java zina zana tayari za kazi hii, na sioni aibu kuzitumia. Hata hivyo naamini kila anayeanza aifanye kwa mkono wake walau mara moja. Mahali pazuri ni tovuti ya maswali ya Project Euler, iliyoanzishwa na Colin Hughes mwaka 2001. Swali la 16 linataka jumla ya tarakimu za 2 kwa kipeo cha 1000, namba yenye tarakimu 302. Anayepata jibu ndiye anayefunguliwa baraza la waliokwisha kulipata.

Watunga maswali nao wana huruma yao. Mara nyingi hawadai namba nzima, bali baki baada ya kuigawa kwa 1,000,000,007. Hiyo ni namba tasa, kwa hiyo hata kugawanya kunawezekana ndani ya mabaki, na mabaki mawili yakizidishwa hayafuriki biti 64. Sharti ni kuchukua baki kila baada ya kuzidisha, si mwishoni tu. Na ukitoa namba ukapata hasi, rudisha 1,000,000,007 juu yake.

Katika ICPC, mashindano ya kuandika programu ya vyuo vikuu, timu ni watu watatu, kompyuta moja, saa tano, na puto la rangi kwa kila swali lililokubaliwa. Kwa kuwa kibodi ni moja, programu iliyokataliwa huchapwa kwenye karatasi ili aliyeiandika aipekue pembeni na kumwachia mwenzake kiti. Mmoja anaandika swali jingine, mwingine anachora, na huyu wa tatu, kalamu mkononi, anazungushia duara kila alama ya kuzidisha na kuuliza kwa sauti ya chini: hapa inaweza kufika ngapi?