Kinachofunga Kizazi Si Sindano

"Nesi, hivi hii si ndiyo ile sindano ya kufunga kizazi?"

Swali huulizwa kwa sauti ya chini, dirishani pa zahanati au chini ya mwembe wa shule, kila chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inapofika kijijini. Limekuwepo tangu Tanzania ilipoieneza nchi nzima Aprili 2018. Limejibiwa mpaka wauguzi wamechoka. Wakati mwingine anayeuliza ni mwalimu.

Haya, hesabu ni rahisi. Rwanda ilianza mwaka 2011, Kilimanjaro kwa majaribio mwaka 2014. Mabinti wa wakati ule leo ni watu wazima, na wapo wanaobeba watoto wao kliniki. Australia iliwachanja wasichana kuanzia 2007, kisha 2013 ikaongeza wavulana. Hao nao walifungwa kizazi gani?

Ndani ya kichupa kuna protini iliyoundwa ifanane na gamba la kirusi kinacholeta saratani hiyo, isiyoweza kuzaliana. Homoni hamna. Sindano ya uzazi wa mpango, yenye homoni kweli, hurudiwa kila miezi 3 na bado wengine hushika mimba wakichelewa tarehe. Kama dozi moja ya begani ingefunga kizazi maisha, mama mwenye watoto wanane angekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Na kwa nini mabinti wadogo? Kirusi hupita kwa kujamiiana, na chanjo haikitoi kilichokwisha kuingia.

Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe. Mionzi inayomtibu mgonjwa pale hospitali ya saratani ya Ocean Road huua mayai yake. Aliyewahi mapema huenda akaondolewa mfuko wa uzazi. Makadirio ya 2020 kwa Tanzania yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 kwa mwaka mmoja. Wapo waliotokwa damu baada ya tendo la ndoa, dalili ya saratani hii, wakaanza na dawa ya "kusafisha kizazi", unga wa mnadani usio na lebo. Huo hakuna anayeuliza umetengenezwa wapi.

Ukweli kwenye uvumi ni mdogo: mkono huuma, homa nyepesi huja, na binti mwenye hofu anaweza kuzirai. Akianguka mmoja kwenye mstari, jioni kijiji kizima kinasimulia "aliyekufa". Ndiyo sababu mabinti huambiwa wakae dakika 15 kabla ya kuondoka. Wanywe uji kwanza.

Mengine ni mafupi. Tangu 2024 Tanzania hutoa dozi moja, baada ya utafiti uliofanyika Kenya na kwingine kuonesha inakinga vya kutosha. Umri miaka 9 hadi 14, bure. Anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya moja, mhudumu aambiwe. Mwenye shaka na kichupa aombe kuona alama yake: mraba wa ndani ukiwa umepauka kuliko duara linalouzunguka, joto halijaiharibu chanjo. Mama wa miaka 30 na kuendelea akapimwe mlango wa kizazi kwa siki. Panapogeuka weupe, pakiwa bado padogo, hugandishwa au huunguzwa, mara nyingi siku hiyohiyo, naye akarudi nyumbani kwa miguu yake.