Mfuko wa Tumboni: Majibu kwa Wanaouliza

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ndugu msomaji, mwaka huu wote nimeulizwa maswali, mengine usoni, mengine kisogoni. Mbona huyu hatuonani naye msalani? Mbona anapikiwa wali siku ya githeri? Eti ni kweli matumbo yake yako nje? Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala, nikaona afadhali niwajibu nyote mara moja. Ndiyo, ni kweli. Ncha ya utumbo wangu imetokezwa upande wa kulia wa tumbo, chini kidogo ya kitovu. Choo changu hutokea hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Sasa mmejua. Yaliyobaki ni kueleza, kwa maana jambo hili laweza kumpata yeyote, awe mwanafunzi, mwalimu au mzazi.

Je, stoma ni nini?

Neno stoma limetoka katika Kigiriki na maana yake ni kinywa. Daktari mpasuaji hutoboa tundu kwenye ukuta wa tumbo, huvuta ncha ya utumbo hadi nje, huikunja kama unavyokunja mkono wa shati, kisha huishona kwenye ngozi. Ikiwa ni utumbo mpana uliotolewa, huitwa kolostomi. Ikiwa ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, huitwa ileostomi. Mimi nina ileostomi.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Wale wa kidato cha tatu wanakumbuka katika Bayolojia kwamba kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Kwa hiyo choo cha mwenye kolostomi mara nyingi huwa kizito kama cha mtu yeyote. Changu hakipiti kwenye utumbo mpana, hivyo hutoka kama uji. Tena kina vimeng'enya vinavyosaga chakula, navyo vikigusa ngozi huichoma.

Stoma yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya shavu. Ukiigusa haiumi, kwa sababu haina mishipa ya kuhisi maumivu. Ukiisugua hutoa damu kidogo, na hilo lisikutishe. Haina msuli wa kujifunga, basi mwenyewe hawezi kujizuia. Ndiyo sababu ya kuvaa mfuko usiku na mchana.

Huletwa na nini?

Wapo walionong'ona kwamba nimerogwa. Hasha! Nilipata homa ya matumbo. Bakteria wa ugonjwa huu huingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mgonjwa asipotibiwa, katika wiki ya tatu hivi utumbo mwembamba unaweza kutoboka na uchafu ukamwagika ndani ya tumbo. Hapo ni kupasuliwa upesi au kufa. Madaktari walikata sehemu iliyooza, wakatoa ncha nje ili utumbo upumzike. Yangu ni ya muda, na panapo majaliwa itafungwa likizo ijayo.

Wengine hupewa stoma kwa sababu ya saratani ya utumbo, ajali ya barabarani, jeraha la kisu au risasi, ama utumbo uliojisokota. Wapo hata watoto wachanga wanaozaliwa bila tundu la haja kubwa. Mwaka 1793 daktari Mfaransa aitwaye Duret alimfanyia upasuaji mtoto wa namna hiyo mjini Brest akiwa na umri wa siku 3 tu, na mtoto huyo akaishi hadi miaka 45. Kwa hiyo hili si jambo la juzi.

Mfuko wenyewe ulibuniwa na muuguzi. Mwaka 1954 Elise Sørensen wa Denmark alimwona dada yake Thora, aliyekuwa amepasuliwa, akiogopa kutoka nyumbani kwa hofu ya kuvuja mbele za watu. Akabuni mfuko wa plastiki wenye gundi ya kushika ngozini. Mfuko ninaouvaa leo ni mjukuu wa ule.

Kazi ya muuguzi

Kazi ya muuguzi huanza kabla ya kisu. Palipo na nafasi, humketisha mgonjwa, humsimamisha na kumwinamisha, kisha hutia alama mahali panapofaa: pasipo na mikunjo, mbali na mshipi wa suruali, tena mgonjwa mwenyewe aweze kupaona. Upasuaji wa dharura kama wangu mara nyingi haungoji hayo. Baada ya upasuaji huangalia rangi ya stoma, hupima kinachotoka, na zaidi ya yote humfundisha mgonjwa kujitunza.

Hospitali ya kwanza nilikolazwa, ambayo siitaji, ilinipa mifuko miwili na neno moja: "Utazoea." Hakuna aliyetuonyesha mimi na mama jinsi ya kukata tundu la mfuko. Wiki haikuisha, ngozi ilikuwa imebabuka kama iliyomwagiwa chai moto. Tukaenda kliniki nyingine. Huko sista mmoja alikaa nasi saa nzima. Mama alipotaka kunisaidia, sista akamwambia, "Mama, wewe tazama tu. Mwanangu, shika makasi. Hili tundu utaenda nalo shule, na mama yako haendi." Siku hiyo ndipo nilipojifunza haya yafuatayo.

Jinsi ya kubadilisha mfuko

1. Andaa kila kitu kwanza: mfuko mpya, makasi, kipimo, kitambaa laini, maji ya vuguvugu na gazeti kuukuu. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya chai, kwa maana utumbo umetulia.

2. Mwaga kilichomo, kisha bandua mfuko polepole kutoka juu kwenda chini huku mkono wa pili ukishikilia ngozi. Usiuvute kwa ghafla.

3. Osha ngozi kwa maji matupu. Usitie spiriti wala dawa ya kuua viini. Usipake mafuta, kwani gundi haitashika.

4. Kausha kwa kubonyezabonyeza. Usisugue.

5. Pima stoma, ukate tundu la mfuko liizidi kwa milimita 2 au 3 tu. Likiwa kubwa, ngozi huchomwa. Likibana, stoma huumia. Katika wiki 6 hadi 8 za kwanza stoma hunywea, kwa hiyo pima kila mara.

6. Pasha gundi joto katikati ya viganja, bandika, kisha shikilia kwa dakika moja au mbili. Basi, hivyo tu!

Mimi hubadilisha mfuko kila baada ya siku 3 hivi. Ukianza kuvuja au ngozi ikiwasha chini yake, haungojwi hata saa moja. Kumwaga ni jambo jingine. Mfuko una mdomo chini, nami humwaga mara sita hivi kwa siku, kabla haujafika nusu. Ukijaa sana, uzito wake huubandua. Ule uliotumika huufunga kwa gazeti na kuupeleka penye taka za zahanati ya shule zinazochomwa. Haufai kutupwa katika choo cha maji, utakiziba.

Harufu je? Mfuko uliobandikwa vizuri hautoi harufu. Ukisikia harufu, ama unamwagwa ama unavuja. Maji ya kuoga hayaingii tumboni, kwa hiyo naoga kama nyinyi.

Chakula na kinywaji

Hapa ndipo penye siri ya githeri. Mahindi ya nafaka, njugu, nazi, uyoga, maganda ya matunda na nyuzi za machungwa huweza kukwama kwenye tundu la ileostomi. Mwenye kolostomi hana hatari hiyo sana. Ndiyo maana mpishi hunipikia wali siku hizo, wala si upendeleo. Kitu cha maana zaidi ni kutafuna sana. Wali, ndizi na viazi hufanya choo kiwe kizito kidogo. Maharagwe, kabichi, vitunguu na soda huleta gesi, na mfuko ukivimba darasani huonekana chini ya sweta.

Maji ni suala kubwa. Mtu wa ileostomi hupoteza maji na chumvi nyingi kuliko nyinyi. Kinachotoka kikizidi, kujaza tumbo kwa maji matupu hakutoshi, maana chumvi nayo imekwenda. Nikiwa sina pakiti za dawa ya maji na chumvi, huchanganya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa.

Dawa pia zina mambo yake. Vidonge vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole, na kwangu vinaweza kutoka vizima kama vilivyoingia. Basi humweleza mwuza dawa hali yangu kabla hajanipimia. Dawa ya kuharisha, ile tunayonyweshwa nyumbani likizoni "kusafisha tumbo," kwangu ni marufuku kabisa.

Dalili za hatari

Kiranja wa bweni na matroni nimewapa orodha hii, nami nawapa nyote. Nipelekwe hospitali haraka:

- stoma ikigeuka rangi ikawa ya zambarau au nyeusi;
- ikiacha kutoa chochote kwa saa kadhaa huku tumbo likisokota na nikitapika;
- ikitoa maji mengi yasiyokoma, nami nikawa na kiu, kizunguzungu na mkojo mchache wa rangi nzito;
- ikitoa damu isiyokoma.

Michezo na masomo

Miezi ya kwanza sikuruhusiwa kunyanyua kitu kizito, wala ndoo ya maji. Ukuta wa tumbo ulikuwa na udhaifu na ngiri ingeweza kutokea pembeni mwa stoma. Sasa nakimbia mita 1500 jioni. Raga nimewaachia wenyewe, kwani teke moja laweza kuharibu kazi ya daktari. Ubongo haukupasuliwa, kwa hiyo mwalimu wa Hisabati asinionee huruma.

Ombi langu kwenu

Mifuko hii ina bei. Mama huuza maziwa ya ng'ombe wetu mmoja ili nipate ya muhula, na wapo Wakenya wasio na ng'ombe, wanaojifunga vitambaa na nailoni tumboni. Kwa hiyo anayechukua mfuko sandukuni mwangu "kuutazama tu" na kuuacha sakafuni ajue amemwaga maziwa ya nani.

Tena, mtu akinyanyuka ghafla katikati ya prepu, mwache apite. Walimu wetu wapendwa, mwanafunzi wa namna hii akiomba ruhusa, hana nafasi ya kujieleza kwanza. Matroni alinipa ufunguo wa choo kilicho karibu na zahanati, na ufunguo huo mdogo ndio ulionibakiza shuleni. Pasipo huo ningekuwa nyumbani nikichunga yule ng'ombe. Mwakani huenda akaja mwingine mwenye mfuko, tena wa maisha, si wa muda kama wangu. Ufunguo nitauacha kwa matroni.

La mwisho ni kuhusu chanzo. Tuache kunywa maji ya mto tukitoka michezoni. Tunawe mikono kwa sabuni, tuchemshe maji, na anayepewa dawa za homa ya matumbo azimalize hata akijisikia nafuu. Mwezi wa Julai 2025 serikali yetu ilianza kutoa chanjo ya ugonjwa huu kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Wenye wadogo zenu nyumbani, waulizeni wazazi kama walichanjwa.

Aliye na swali ambalo sikulijibu aje aniulize. Nipo bwenini, kitanda cha chini karibu na mlango, na sasa mnajua kwa nini nilikichagua hicho.