Saa Kumi na Mbili ya Nani?

Mzee alifika Stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, begi mkononi, tiketi kwenye simu. Alikuwa anakwenda Dodoma kuzika. Akaambiwa basi lake ni la saa sita mchana. Akaonyesha simu: "Si imeandikwa saa 12:00?" Kweli ilikuwa imeandikwa 12:00. Karani aliisoma mchana, mzee aliisoma alfajiri, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa saa yake. Mzee akalipa nauli ya pili kwenye basi la kampuni nyingine, akaondoka.

Tiketi ile haikukatwa na mtu. Ilikatwa na wakala wa akili mnemba, yaani programu inayowajibu abiria kwenye simu, na niliyemuunganisha na mfumo wa kampuni ya mabasi ni mimi. Wiki nzima nilisaka kosa ndani ya programu. Halikuwamo. Lilikuwa kwenye maelezo niliyoyaandika mwenyewe, kwa haraka, siku moja nikiwa na njaa: "Hukata tiketi." Basi.

Wengi hudhani wakala huyu anaona kila kilichomo kwenye kompyuta. Haoni. Modeli ya lugha iliyo ndani yake kazi yake ni kuandika maneno tu. Yenyewe haiwezi kufungua orodha ya siti wala kupokea nauli. Ili ifanye kazi, sisi mafundi tunaipa zana: moja ya kutafuta safari, moja ya kukata tiketi, moja ya kufuta. Kila zana ina jina, maelezo, na nafasi za kujaza: kutoka wapi, kwenda wapi, tarehe, saa. Kuhusu zana yenyewe, hayo ndiyo yote inayoyasoma. Programu iliyo nyuma ya zana, hata ungeiandika kwa ustadi wa namna gani, haiioni. Inasoma maelezo, inachagua zana, inajaza nafasi, na mfumo unatekeleza kama ilivyojazwa.

Mzee alipoandika "saa kumi na mbili asubuhi", wakala alikuta nafasi iliyoitwa "saa", bila neno la ziada. Akajaza 12:00. Mfumo unahesabu kuanzia usiku wa manane. Mswahili anahesabu tangu jua kuchomoza. Hapo katikati zikapotea saa sita. Mimi nimekulia kwenye saa hizo, nazigeuza kichwani bila hata kujua kwamba nazigeuza, ndiyo maana haikunijia kabisa kuziandika.

Leo nafasi ile inaitwa "saa_ya_kuondoka", na maelezo yake yanasema hivi: "Andika kwa mfumo wa saa 24, mfano 06:00. Abiria akisema saa kumi na mbili asubuhi anamaanisha 06:00. Akisema saa mbili usiku anamaanisha 20:00. Asipotaja asubuhi, mchana au usiku, muulize kwanza."

Sentensi ile ya mwisho nilipewa na dada wa dirisha la tiketi. Nilimsomea maelezo yangu yote, nikamwomba akate tiketi kwa kuyafuata hayo tu, uzoefu wake auweke kando. Alinikatiza kwenye mstari wa kwanza. "Kaka, kutoka Dar, stendi ipi? Abiria wengine bado wanasema Ubungo." Kweli: stendi ya mikoani ilihamia Mbezi mwaka 2021, lakini midomo ya watu haijahama. Akauliza tena: "Na mtu akiandika kesho kutwa, naye kaandika saa saba usiku, nianze kuhesabu siku ipi?" Alasiri ile nilitoka na karatasi imejaa pande zote mbili. Sijapata mkaguzi wa kumfikia.

Majina nayo yalinisumbua. Mwanzoni nilikuwa na zana iitwayo "tafuta" na nyingine "angalia". Tofauti yake niliijua mimi; wakala alikuwa akibahatisha. Sasa zinaitwa "tafuta_safari" na "onyesha_tiketi_ya_abiria". Kwenye ile ya kukata tuliongeza kwamba isiguswe mpaka abiria ameona nauli na kukubali, kwa sababu wapo waliouliza tu "siti zipo?" wakajikuta wamekatiwa.

Si sisi wa mabasi peke yetu. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani, inayotengeneza modeli ya Claude, ilieleza kwamba walipoipa zana ya kutafuta mtandaoni, ilikuwa ikibandika "2025" kwenye maneno ya kutafutia bila sababu, na majibu yakaharibika. Walichorekebisha ni maelezo ya zana. Niliposoma habari hiyo nilifarijika kidogo, nisifiche.

Jambo jingine ni majibu ya makosa. Mfumo wetu ulikuwa ukijibu "Ombi batili", na wakala akarudia ombi lilelile mara saba mfululizo. Mtu naye angefanya nini na jibu kama hilo? Sasa unajibu: "Tarehe hii imepita. Tuma ya leo au ya mbele." Mara ya pili anapatia.

Mzee tulimrudishia nauli. Tiketi zetu siku hizi zinaandika saa mara mbili: 06:00, na chini yake, kwa maneno, saa kumi na mbili asubuhi.