Watu wa stendi na timu yao

Ndugu msomaji, kama umepata kusafiri kwa basi na kushukia Shinyanga, bila shaka huna haja ya kuelezwa sauti ya mpiga debe. Kabla hujaushusha mzigo wako, amekwisha kukushika mkono na kukuuliza uendako, na kabla hujajibu amekwisha kuyataja yote: Tinde, Isaka, Kahama, Maganzo, Mwadui, Mwanza. Sauti hiyo haichoki tangu alfajiri hadi machweo. Sasa fikiri sauti hamsini za namna hiyo zimekusanywa upande mmoja wa Uwanja wa Kambarage, siku ya Jumapili, zikiwa na jambo moja tu la kulitangaza.

Hao ndio waliokuwa wapenzi wa Stand United, timu iliyopewa jina la stendi kwa sababu ilizaliwa na watu wa stendi: madereva, makondakta, wapiga debe, wachuuzi na wote wanaopata riziki yao pale mabasi yanapofika na kuondoka. Wenyewe waliiita “Chama la Wana”. Nyingi katika timu zetu za Ligi Kuu zilikuwa za jeshi, za magereza, za viwanda au za halmashauri. Hii ilikuwa ya watu wasio na mwajiri. Ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15, kila aliyepata kuipigia debe gari aliona kwamba amepanda yeye.

Mwandishi wa makala haya alikaa nao mara kadhaa katika miaka ile, na akagundua kwamba aliyeutazama mchezo peke yake alipunjwa. Palikuwapo mpiga debe mmoja, mwembamba, mwenye kofia ya soksi hata jua linapochoma, ambaye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Hakuwa na ngoma wala tarumbeta. Aliwataja wachezaji kama anavyotaja vituo vya basi, kwa mpangilio, kuanzia mlinda mlango mpaka mshambuliaji, na baada ya kila jina umati ulimwitikia. Mchezaji aliyecheza vibaya alirukwa katika orodha, kama kituo ambacho gari halisimami. Niliwahi kumwona beki mmoja akigeuza shingo kutazama jukwaani jina lake liliporukwa.

Kwa mgeni, mambo hayo yalikuwa ni vurugu tu. Lakini mwenyeji wa Usukumani aliyatambua mara moja. Katika nchi hii, tangu zamani za mababu, makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yalishindana kwa kucheza siku moja, mahali pamoja, na aliyevuta watu wengi zaidi upande wake ndiye aliyehesabiwa mshindi. Watazamaji ndio waliokuwa waamuzi. Basi mtu aliyelelewa na simulizi za mashindano ya namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba mshangiliaji ni mtu wa pembeni.

Palikuwapo pia mama lishe ambaye siku ya mechi alipika mapema, akafunika sufuria, akaenda uwanjani na daftari lake la madeni kwapani. Timu ikishinda, alisamehe wali wa siku hiyo. Ikishindwa, alilifungua daftari palepale langoni na kuwadai wadeni mmoja mmoja walipokuwa wakitoka. Septemba 2014, timu ilipocheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu nyumbani na kufungwa na Ndanda ya Mtwara mabao 4 kwa 1, inasemekana wapo waliopita ukutani.

Na palikuwapo mzee mmoja, aliyepata kufanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, ambaye daima alikuja na redio ya mkononi. Mechi iko mbele ya macho yake, naye ameegemeza sikio redioni. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa upole, “Mwanangu, haya nayaona. Ya kwingine nani ataniambia?” Mwadui nao walipopanda Ligi Kuu mwaka 2015 mkoa ukapata timu mbili, na mzee huyo akapata taabu ya moyo. Timu hizo mbili zilipokutana alikaa katikati kabisa ya jukwaa na hakushangilia upande wowote. Redio siku hiyo aliizima.

Lakini si kila kumbukumbu ya miaka ile ni ya kuchekesha. Februari 2015 Simba ilikuwa inakuja Kambarage. Wapenzi wake, wa kundi lililojiita Simba Ukawa, walikuwa njiani kutoka Dar es Salaam walipopata ajali mkoani Morogoro, na baadhi yao wakapoteza maisha. Mechi ilichezwa, na Stand ikashinda bao 1 kwa 0. Ushindi juu ya Simba! Watu wa stendi walikuwa wameungoja kama mvua. Hata hivyo, hakuna anayeijua ajali ya barabarani kuliko dereva na kondakta, na jioni ile pale stendi furaha ilikuwa ya kusitasita: wapo walioimba, wapo waliokaa kimya kando ya magari yao.

Mwaka huo huo wa 2015 ikaja fedha. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama, ilikubali kuidhamini timu. Akaajiriwa kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyekuwa amepata kuifundisha Simba. Ungedhani shida zimekwisha. Kumbe ndipo zilipoanza. Kufika 2016 klabu ilikuwa imegawanyika pande mbili, wale wa kampuni na wale wa wanachama, kila upande ukidai kuwa ndio Stand United ya halali, na mdhamini akajitoa.

Mgogoro huo uliandikwa sana kuhusu viongozi. Kuhusu wapenzi uliandikwa kidogo. Watu waliokula sahani moja kwa miaka walianza kukaa mabenchi tofauti pale stendi. Yule mwenye kofia ya soksi aliendelea kuimba, lakini sasa wapo waliokataa kuitikia, si kwa sababu ya mchezaji, bali kwa sababu ya mwimbaji alikosimama. Kwa maoni yangu, hapo ndipo timu ilipoanza kushuka daraja, ingawa katika msimamo wa ligi ilichukua miaka mingine mitatu.

Haikushuka kimya. Septemba 2018, pale Uwanja wa Taifa, Mrundi Alex Kitenge aliifunga Yanga mabao matatu peke yake, na Stand bado ikapoteza kwa 4 kwa 3. Msimu ulipokwisha, 2019, ikateremka. Mwadui nayo ikafuata 2021. Mwaka huo huo furaha ikahamia Geita, ambako Geita Gold iliingia Ligi Kuu, ikashika nafasi ya nne katika msimu wake wa kwanza na kumtoa mfungaji bora, George Mpole, kwa mabao 17. Nayo iliteremka 2024.

Nilipopita Shinyanga baadaye nilimkuta mama lishe mahali pake. Nilimwuliza habari za daftari. Alilitoa chini ya meza, akanionyesha ukurasa wa mechi ya Simba, umepigwa mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini, majina yote yamefutwa deni. Kisha akaniuliza kama nitakula wali au ugali, na akaongeza kwamba siku hizi hakopeshi.