Je, Wajua? Washindani Sokoni, Wenza Mezani

Je, wajua kwamba kanuni inayounganisha mitandao yote ya intaneti ilichorwa mara ya kwanza wakati wa chakula? Ilikuwa Januari 1989, mjini Austin, Texas, kwenye mkutano wa IETF, jopo la wahandisi wanaotunga kanuni za intaneti. Kirk Lougheed alitoka Cisco, kampuni changa, iliyokuwa imeanzishwa 1984, ya kutengeneza ruta, yaani vifaa vinavyoelekeza mawasiliano kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Yakov Rekhter alitoka IBM, kampuni iliyokuwa jabali la biashara ya kompyuta. Walichora wazo lao kwenye karatasi laini za kupangusia mikono, na wenzao wakalipa jina la utani, itifaki ya karatasi mbili, ingawa zilizotumika zinatajwa kuwa tatu.

Kufikia Juni mwaka huohuo maelezo yake yalikuwa yamechapishwa kwa jina la BGP, na yeyote aliruhusiwa kuyasoma bila malipo, hata mshindani aliyetaka kuunda ruta za kuipokonya Cisco wateja. Kazi yake ni hii: kila mtandao unawaeleza majirani zake ni anwani zipi unaweza kuzifikia, nao majirani wanawaeleza majirani zao, mpaka habari zinaenea dunia nzima. Ndiyo inayomwezesha mtu aliyejiunga na kampuni moja Mwanza kufungua kilichohifadhiwa na kampuni nyingine Mombasa, bila kampuni hizo mbili kuwa na bosi mmoja. Watungaji wake walikusudia suluhisho la muda tu. Toleo lake la nne ndilo linaloendesha intaneti hadi leo.

Kwa nini kampuni itoe wazo zuri namna hiyo bure? Ukweli ni kwamba ruta isiyoelewana na ruta ya jirani haina mnunuzi. Kadiri mitandao mingi inavyozungumza lugha moja, ndivyo wengi wanavyohitaji vifaa vya kuizungumza. Ndiyo maana kampuni za mitandao hulipa mishahara ya wahandisi ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni kukaa kwenye vikao na watu wa kampuni pinzani.

Je, wajua kwamba katika IETF hakuna kura? Hakuna hata kadi ya uanachama. Kampuni inaweza kumlipia mhandisi nauli na hoteli, lakini akifika mle ndani anahesabiwa kuwa anasema kwa niaba yake mwenyewe. Mwenyekiti akitaka kupima mwelekeo wa chumba, huwaomba wanaounga mkono wavumishe sauti midomo ikiwa imefumbwa, kisha wanaopinga wafanye vivyo hivyo. Mvumo huo hauamui jambo, unaonyesha tu pa kuanzia mjadala. Hata akipinga mtu mmoja, hoja yake ya kitaalamu lazima ijibiwe. Nauheshimu sana utaratibu huu. Kampuni tajiri inaweza kujaza ukumbi kwa wafanyakazi wake, lakini wingi wao si jibu kwa swali lililoulizwa vizuri.

Wi-Fi nayo ina historia ya namna hiyo. Mwaka 1999 kampuni sita, zikiwemo Nokia, Lucent na 3Com, ziliunda umoja wa kuhakikisha kwamba vifaa vya kila moja vinaunganika na vya nyingine. Umoja huo sasa unaitwa Wi-Fi Alliance. Kifaa chenye nembo yake kimepita majaribio ya kuelewana na vifaa vya watengenezaji wengine.

Usidhani ni amani tupu. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Mwaka 1998 IETF ilichapisha VRRP, kanuni ya kuifanya ruta ya akiba ishike zamu ile kuu inapozimika. Cisco ilisema ina hataza inayohusu jambo hilo. Waundaji wa OpenBSD, mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, hawakukubali kanuni ya umma iwe chini ya hataza ya mtu, na mwaka 2003 wakatunga ya kwao, CARP. Kwa maoni yangu walikuwa na haki kukataa: kanuni ambayo lazima uiombee ruhusa kwa mshindani wako haijawa ya wote. Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Cisco hiyohiyo ilianza kuifungua EIGRP mwaka 2013, itifaki iliyokuwa mali yake kwa takriban miaka 20, na maelezo yake yakachapishwa hadharani mwaka 2016.

Ushirikiano wa washindani umefika kwetu pia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, ujumbe wa mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine Nairobi hiyohiyo ulipitia setilaiti hadi ng'ambo, kisha ukarudi, na safari zote mbili zililipiwa. Kampuni hizo zilikuwa zikinyang'anyana wateja, lakini chini ya chama chao, TESPOK, zilijenga pamoja KIXP, kituo ambapo ruta zao zinabadilishana mawasiliano ya ndani kwa BGP. Kilifunguliwa Novemba 2000. Telkom Kenya ikalalamika kwamba kinaingilia haki yake ya kipekee kisheria ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, na baada ya wiki mbili hivi mdhibiti wa mawasiliano akaamuru kifungwe.

TESPOK haikukata tamaa. Ilirudi kwa mdhibiti mara kwa mara na maelezo ya kiufundi, ikionyesha kwamba kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani hakimnyang'anyi mtu biashara ya kimataifa. Kibali kilitolewa Novemba 2001, na Februari 2002 KIXP ikaanza kazi tena. Mawasiliano ya ndani ya Nairobi, yaliyokuwa yakichukua zaidi ya milisekunde 1,200, yakashuka chini ya 100.