Kwa Nini Mhamiaji Huhamahama Kabla ya Kutulia

Mkimbizi wa Kongo aliyeondoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kwenda Marekani anaweza kubadilisha kazi, nyumba na hata shughuli zake za Jumapili mara kadhaa ndani ya miaka mitano ya kwanza. Ndugu waliobaki humshangaa: juzi alikuwa Texas, leo yuko Iowa, juzi alikuwa kiwandani, leo anasomea udereva wa malori. Wanasema hatulii. Hukumu hiyo ni ya haraka, kwa sababu mara nyingi huko kuhama ndiyo njia yenyewe ya kutulia.

Tuanze na jinsi alivyofika. Mwaka wa fedha 2016, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka huo. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wanaendelea kujenga maisha. Asiyekuwa na ndugu wa kumfuata alipangiwa mji na shirika la mapokezi, na nyumba ilitafutwa kabla ndege haijatua. Msaada wa mwanzo ulikuwa wa siku 30 hadi 90. Baada ya hapo kodi ya nyumba ilimsubiri, pamoja na deni la nauli ya ndege, ambalo halina riba. Basi kazi ya kwanza ilikuwa ile iliyopatikana mapema: kukata nyama kiwandani, kutandika vitanda hotelini, kupanga mizigo ghalani.

Mwenye taaluma ndiye anayeumia zaidi. Muuguzi aliyesomea Bukavu, Kongo, haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi mpaka apate leseni ya jimbo, na leseni hiyo inadai vyeti vikaguliwe, Kiingereza kitoshe na afaulu mtihani. Wakati anasubiri, huanza kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee. Mwanauchumi Barry Chiswick alilichunguza suala la kipato cha wahamiaji mwaka 1978, akitumia takwimu za sensa ya Marekani ya 1970. Aliona kwamba wanaume wahamiaji walianza na kipato cha chini kuliko wenyeji, kisha wakawafikia baada ya miaka 10 hadi 15. Baadaye, mwaka 1985, mwanauchumi mwenzake George Borjas alionya kwamba si kila kundi hupanda kwa kasi hiyo. Hata hivyo, wote wawili wanatufundisha kwamba kazi ya mwaka wa kwanza haitoshi kumpimia mhamiaji maisha yake.

Nyumba nayo hufuata kazi. Ya kwanza huwa karibu na kituo cha basi, kwa kuwa gari hakuna. Gari likipatikana, familia husogea karibu na kiwanda, au karibu na shule nzuri, au huhamia jimbo jingine walipo watu wa kwao. Tatizo huja mtu anapohama kabla mkataba wa kupanga haujaisha, maana faini isiyolipwa hugeuka deni, na deni hilo huchafua rekodi ya mikopo atakayoihitaji siku ya kununua nyumba.

Burudani watu wengi huidharau, nami naiona kuwa nguzo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti kuhusu watu waliobadilisha kazi. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, zaidi ya nusu walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara mojamoja tu. Rafiki wa karibu hujua yaleyale unayoyajua. Wa mbali hukuletea habari mpya. Watu hao wa mbali hupatikana kwenye kwaya, uwanja wa mpira na bustani za jamii, ambako akina mama wa Kikongo hupanda mboga ya lengalenga wakiwa bega kwa bega na majirani kutoka Burma au Bhutan. Anayetoka kazini na kujifungia ndani anapoteza zaidi ya burudani.

Lakini kuhama kunahitaji utaratibu. Sheria inamtaka asiye raia aijulishe idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Barua ya miadi ikienda kwenye anwani ya zamani, ombi linaweza kufutwa. Mkimbizi hutakiwa kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka 1, na akishaupata anaweza kuomba uraia miaka 5 ikitimia tangu siku aliyowasili. Fomu ya uraia, N-400, humtaka aorodheshe kila anwani na kila kazi ya miaka hiyo 5, pamoja na tarehe.

Kwa hiyo, ewe uliyefika ugenini, nunua daftari leo. Andika kila nyumba, kila mwajiri, siku uliyoingia na siku uliyotoka. Tunza mikataba na stakabadhi za malipo. Soma lugha hata ukichoka, na usiache kwaya wala mpira. Nanyi ndugu mlio nyumbani, msiulize tu ametuma kiasi gani. Muulizeni anasomea nini sasa, na mumpe muda.