Huria si Bure: Programu za Kompyuta, Ushindani wa Makampuni na Haki ya Lugha

0. Utangulizi

Katika Kiingereza neno free hubeba maana mbili: kitu kisicholipiwa, na mtu au kitu kisichofungwa. Kifaransa hutenganisha maana hizo kwa maneno gratuit na libre. Kiswahili nacho huzitenganisha: bure ni kile kinachopatikana bila malipo, na huru au huria ni kile kisichozuiliwa. Tofauti hii, ambayo kwa msemaji wa Kiswahili ni jambo la kawaida, ndiyo kiini cha mabishano yaliyodumu zaidi ya miaka 40 kati ya makampuni yanayouza programu za kompyuta na wale wanaodai kwamba kila mtumiaji awe na haki ya kuisoma programu, kuibadili na kuwagawia wengine.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya mabishano hayo, hoja za kila upande, na jinsi yanavyoihusu lugha ya Kiswahili, hasa Kiswahili kinachosemwa Kongo. Itaonyeshwa kwamba, kwa lugha ambayo soko lake haliwavutii wafanyabiashara, swali kubwa si bei ya programu bali ni nani mwenye ruhusa ya kuibadili.

1. Msimbo wa siri na msimbo wa wazi

Programu huandikwa na binadamu kwa lugha maalumu yenye maneno, alama na kanuni zake. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Mara nyingi, kabla ya kutumika, msimbo huo hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu ambao mashine huufuata lakini binadamu hausomi kwa urahisi. Anayepewa tarakimu peke yake anaweza kuitumia programu. Hawezi kujua kwa hakika inafanya nini ndani, wala kuirekebisha. Ni kama tofauti iliyopo kati ya kukaririshwa sentensi chache za lugha ya kigeni na kufundishwa sarufi yake: wa kwanza husema alichopewa tu, wa pili hutunga asichowahi kusikia.

Zamani programu hazikuhesabiwa kuwa bidhaa. Zilitolewa pamoja na mashine, na wahandisi walibadilishana msimbo kama wataalamu wabadilishanavyo matokeo ya utafiti. Mwaka 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba ingetoza bei ya programu kando na bei ya mashine, na tangu hapo biashara ya programu ilikua upesi. Mwaka 1976 Bill Gates, aliyekuwa bado kijana mwenye kampuni changa, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta za nyumbani waliokuwa wakinakili programu yake bila kulipa, akawauliza nani angekubali kufanya kazi ya kitaalamu bila ujira.

Jibu la upande wa pili lilikuja mwaka 1983, Richard Stallman wa Massachusetts alipotangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuunda mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1989 ilitolewa leseni yake, iitwayo GPL. Leseni hiyo haikatai haki ya mtunzi. Huitumia kwa namna ya pekee: anayeigawa programu iliyobadilishwa analazimika kuwapa wapokeaji ruhusa ileile aliyopewa yeye. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kutoa kiini cha mfumo kilichoitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL.

Mwaka 1998, kampuni ya Netscape ilipoamua kutoa hadharani msimbo wa programu yake ya kuvinjari intaneti, baadhi ya watetezi waliona kwamba neno free linawatia hofu wafanyabiashara, ambao hufikiri mara moja juu ya kukosa malipo. Wakabuni jina jingine, open source, yaani chanzo kilicho wazi. Stallman alilikataa, kwa kuwa lilificha dai la uhuru na kubakiza sifa za ufundi. Katika Kiswahili mgogoro huo wa majina haukuwa mkali. Neno huria lilikwisha kutumika kwa maana zote mbili: Tanzania ina Chuo Kikuu Huria, yaani kilicho wazi kwa wote, na wanauchumi husema soko huria, yaani lisilozuiliwa. Jina programu huria hubeba uwazi na uhuru pamoja, bila kuahidi kwamba kitu ni cha bure.

2. Hoja za makampuni na tabia ya soko

Hoja ya barua ya mwaka 1976 haifai kudharauliwa. Kuandika programu ni kazi. Kuijaribu, kuiandikia maelezo na kuwahudumia wateja ni kazi zaidi. Mtunzi wa kamusi naye hula, na haki yake ya kulipwa haipungui kwa sababu nakala ya kazi yake ni rahisi kutengenezwa. Aidha, mnunuzi hupata mtu wa kumwuliza programu inapoharibika.

Hata hivyo, soko la programu halifanani na soko la unga au la saruji. Nakala ya kwanza hugharimu fedha nyingi sana, lakini nakala ya pili haigharimu karibu chochote. Tena thamani ya programu huongezeka kadiri watu wanavyoitumia. Mwanafunzi anayemtumia mwalimu wake tasnifu hulazimika kutumia programu inayosomeka katika mashine ya mwalimu, hata kama ipo nyingine iliyo bora. Hivyo aliyetangulia huendelea kushinda, na mpinzani hufungiwa mlango pasipo mtu kumkataza kuingia.

Serikali zililitambua jambo hilo. Mwaka 1998 Serikali ya Marekani na majimbo kadhaa yaliishtaki Microsoft kwa kutumia nguvu ya mfumo wake wa Windows kuwakandamiza washindani. Mwaka 2000 jaji aliamuru kampuni igawanywe mara mbili. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilitengua amri ya kuigawanya, ingawa ilikubali kwamba kampuni ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Huko Ulaya, mwaka 2004, Tume ya Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 497 na kuiamuru iwape washindani maelezo ya kuwezesha mashine zao kuwasiliana na za Windows.

Funzo la kesi hizo kwa maktaba na vyuo vikuu ni kwamba ushindani hutegemea uwazi wa kanuni za kuhifadhi maandishi. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Viwango lilipitisha muundo wa wazi wa nyaraka uitwao OpenDocument, na mwaka 2008 likapitisha muundo uliobuniwa na Microsoft. Tasnifu iliyohifadhiwa kwa muundo ambao kanuni zake ni siri ya kampuni moja inaweza kusomeka kwa muda ule tu ambao kampuni hiyo itapenda.

3. Kiswahili kati ya njia mbili

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili ni ule wa programu za ofisi. Programu iitwayo StarOffice, iliyotungwa Ujerumani, ilinunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999, na mwaka 2000 msimbo wake ulitolewa kwa jina la OpenOffice. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi na kwa msaada wa Sida, kiliweza kuitafsiri bila kuomba idhini ya mtu. Kazi hiyo ilifanywa katika mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, ambayo menyu na maelekezo yake ni kwa Kiswahili.

Mwezi wa Juni mwaka huohuo wa 2004, Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuzitafsiri Windows na Office kwa Kiswahili, ikiwatumia wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki kuandaa istilahi. Vifurushi vya lugha vilivyotokana na mpango huo viliwekwa juu ya programu ya Kiingereza, na mwenye leseni hakuvilipia. Mtu akitazama bei peke yake, tofauti ya miradi hii miwili haionekani sana. Akitazama ruhusa, huiona mara moja. Kifurushi cha Microsoft kilikuwa bure lakini hakikuwa huria: mtumiaji aliyeona istilahi mbovu aliweza kulalamika, hakuweza kusahihisha. Katika Jambo OpenOffice aliweza kusahihisha na kuwagawia wengine alichokisahihisha.

Jambo hili si dogo, kwa kuwa istilahi za kompyuta bado zina ubishi. Wengine husema kompyuta, wengine tarakilishi, wengine ngamizi. Kifaa kiitwacho kipanya na baadhi huitwa puku na wengine. Kamati ya kampuni inapochagua neno moja na kulieneza katika mashine nyingi, inafanya kazi ya baraza la lugha pasipo kuwajibika kwa wasemaji.

Inafaa kuongeza kwamba nakala ya wizi ya programu ya siri haitatui tatizo. Anayeinakili amepata bure bila uhuria: halipi, lakini pia hawezi kubadili chochote, wala hawezi kukifanya anachokitumia kuwa msingi wa kazi halali ya chuo.

4. Kiswahili cha Kongo

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 1, inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na kuiagiza Dola iziendeleze bila ubaguzi. Hata hivyo kompyuta ya ofisi au ya chuo humwelekeza mtumiaji kwa Kifaransa, lugha rasmi.

Katika orodha ya kimataifa ya alama za lugha, Kiswahili kwa jumla ni swa, Kiswahili cha mwambao ni swh, na Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc. Katika hazina ya Unicode inayozipatia mashine majina ya siku, miezi, nchi na sarafu katika kila lugha, Kiswahili cha Kongo kina sehemu yake pia. Hazina hiyo ni huria, na makampuni makubwa yanayoshindana, yakiwemo Apple, Google na Microsoft, yote huitumia. Kwa hiyo neno linalowekwa humo laweza kufika katika simu za aina nyingi.

Hapa ndipo swali linapowahusu wataalamu wa lugha moja kwa moja. Je, simu ya mtu wa Lubumbashi au Bukavu imwandikie Jumapili, kama vitabu vya Kiswahili sanifu, au siku ya yenga, kama wasemwavyo wengi nyumbani na sokoni? Kila jibu lina hoja zake. Usanifu huunganisha wasomaji wa Kongo na wa Afrika Mashariki. Usemi wa wenyeji huwafanya wajitambue katika mashine. Mlango wa kupendekeza marekebisho uko wazi. Wasipoingia wenye elimu ya lugha hii, ataingia yeyote mwenye nafasi.

Utafiti wenyewe umekwisha kunufaika. Programu ya Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, hutumiwa kuchunguza sauti na toni, nayo ni huria. Herufi za Charis na Doulos, zinazotolewa na SIL kwa leseni ya wazi, huandika alama za toni ambazo lugha nyingi za Kibantu huzihitaji.

5. Mipaka ya uhuria

Lingekuwa kosa kudhani kwamba kufungua msimbo kunamaliza matatizo yote. Mwezi wa Aprili 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyolinda siri za mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo kwa miaka miwili. Kila mtu aliruhusiwa kuusoma msimbo huo, lakini walioutunza walikuwa wachache mno na fedha zao haba.

Ndivyo ilivyo kwa tafsiri pia. Programu haiachi kubadilika, na tafsiri ya toleo moja haitoshi kwa toleo lifuatalo. OpenOffice yenyewe ilipita mikononi mwa Oracle mwaka 2010. Mwaka huohuo sehemu ya watunzi wake walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na mwaka 2011 OpenOffice ikakabidhiwa kwa shirika la Apache. Leseni huria iliruhusu kazi isipotee pamoja na mwenye mali. Lakini ruhusa ya kuendeleza haimlipi mtu wa kuendeleza, na fedha za mradi huwa na tarehe ya mwisho.

Tena makampuni yamejifunza kuishi na uhuria. Mwaka 2001 Steve Ballmer, kiongozi wa Microsoft, aliilinganisha Linux na saratani. Mwaka 2018 kampuni hiyohiyo iliinunua GitHub, ghala kubwa la miradi ya programu huria, kwa dola bilioni 7.5. Mwaka huohuo Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa masharti iliyowawekea watengenezaji wa simu za Android, mfumo ambao kiini chake ni Linux. Msimbo waweza kuwa wazi, na soko likabaki limefungwa.

Neno wazi nalo lahitaji kuchunguzwa. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa hadharani modeli ya kutafsiri lugha 200, zikiwemo Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Lakini leseni yake ilikataza matumizi ya kibiashara. Modeli hiyo ilikuwa wazi na bure, haikuwa huria.

6. Hitimisho

Imeelezwa kwamba programu ya siri hulinda ujira wa mtunzi lakini humwachia mwenye kampuni uamuzi juu ya lugha ipi istahili kuhudumiwa na kwa maneno yapi. Programu huria huwarudishia wasemaji uamuzi huo, pamoja na mzigo wake. Wahenga walisema: mtumai cha nduguye hufa maskini.

Kwa idara za Kiswahili, mzigo huo unaweza kugawanywa katika kazi za kawaida za chuo. Kazi za kumaliza masomo zinazohusu istilahi zinaweza kulenga tafsiri ya programu halisi badala ya orodha za maneno zinazobaki kabatini. Tasnifu na matini zilizokusanywa zihifadhiwe kwa miundo ya wazi, na zitolewe kwa leseni inayotaja waziwazi kinachoruhusiwa. Mwalimu mmoja akabidhiwe jukumu la kufuatilia sehemu ya Kiswahili cha Kongo katika hazina ya Unicode, kama vile mwingine anavyokabidhiwa maktaba, na jukumu hilo lihesabiwe katika saa zake za kazi.